Mama analishwa kwa mpira wa puani: naruhusiwa kumsagia chakula cha nyumbani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo: "Mama yangu ana miaka 63, kapata kiharusi, kumeza hawezi, karuhusiwa hospitali akiwa na mpira wa puani. Tuliambiwa tumpe uji mwepesi, maziwa na juisi. Hii ni wiki ya tatu na mama anaisha, alikuwa na kilo 62, juzi kaka kambeba wakapanda mizani wote tukatoa kilo za kaka, tukapata 55. Maziwa ya kopo ya wagonjwa bei hatuiwezi. Wifi anasema tumsagie chakula tunachokula sisi kwenye blenda, jirani yetu ambaye ni nesi anasema tutamuua, na mpira umeshaziba mara mbili. Tufanye nini? Na samahani kama ni swali la kijinga, mama alikuwa anapenda sana pilau, Eid ikifika naweza kumpa?"

Dada yangu pole sana, na hongereni kwa kumpima, maana familia nyingi zinakuja kushtuka mgonjwa ameshabaki mifupa. Nikujibu moja kwa moja: ndio, chakula cha nyumbani kilichosagwa vizuri kinaweza kupita kwenye mpira na kinaweza kumlisha mama akarudisha mwili, ila kuna masharti na nitakueleza moja moja. Wifi yako ana hoja na jirani yako naye ana hoja, tena msimgombeze huyo nesi, anachokiogopa kipo kweli. Lakini kinachommaliza mama yako sasa hivi ni njaa.

Hebu tuhesabu pamoja. Uji mwepesi wa wagonjwa ninaoukuta majumbani, kikombe kina unga kama kijiko kimoja na nusu cha chakula, yani gramu 15 hivi, na sukari kijiko kimoja. Vikombe vinne kwa siku, weka glasi moja ya maziwa na glasi moja ya juisi. Ukijumlisha vyote hufiki kalori 700, na protini ni gramu 14 hivi. Sasa mtu wa kilo 55 anayetoka kwenye kiharusi anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo yake, kwa hiyo kati ya 1400 na 1650 kwa siku, na protini gramu 60 na kitu. Umeona? Anapata nusu ya chakula na chini ya robo ya protini, ndo maana kilo saba zimeondoka, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni nyama ya mwili, ile misuli anayoihitaji akae, akohoe, na aje kumeza tena.

Na hali hii naikuta kila mara, sio kwenu tu. Watu wanaogopa mpira kuziba, kila ukiziba wanaongeza maji kwenye uji, mwisho mgonjwa anapewa lita moja na nusu ya kitu ambacho ukikishika mkononi ni maji yenye rangi, tumbo linajaa, ndugu wanaridhika kwamba kala mara tano, na mwenyewe anakonda mbele ya macho yao. Niliwahi kumhudumia baba mmoja aliyelishwa hivyo miezi miwili kwa mapenzi yote, wanawe walikuwa wanaamka usiku kumpa uji, na alipofika kwetu alikuwa na kidonda mgongoni ambacho mwili haukuwa na kitu cha kukifunga. Supu ya mifupa nayo ni hivyohivyo, inanukia vizuri na ina chumvi lakini nguvu yake ni ndogo mno, nyama ndo yenye protini na nyama imebaki sufuriani. Kwa hiyo kazi yetu ni kupata chakula kinachopita kwenye mpira bila kukiua kwa maji.

Kabla hujawasha blenda, angalia mpira wenyewe. Karibu na mdomo wa mpira pale unapochomeka sirinji kuna namba, na mara nyingi kuna rangi, kijani huwa ni namba 14, chungwa ni 16, nyeupe ni 12. Chakula cha kusaga kinataka 14 kwenda juu. Kama wa mama ni mwembamba kuliko hapo usijaribu, mtaziba mpira kila siku, rudini hospitali muombe wabadilishe. Alafu hakikisha mpira unaishia tumboni, maana ipo mingine inapelekwa mbele zaidi mpaka kwenye utumbo mdogo na huko chakula cha kusaga hakiruhusiwi, utumbo hauna asidi ya kuua vijidudu kama tumbo. Uliza pia unatakiwa kubadilishwa lini, ile ya plastiki ya bei rahisi inakakamaa ndani na haitakiwi kukaa muda mrefu. Na kama madaktari wanaona kumeza hakutarudi ndani ya wiki nne hadi sita, anza kuuliza kuhusu mpira wa kuwekwa tumboni moja kwa moja. Najua neno operesheni linatisha, lakini huo ni mfupi, ni mnene, hautoki ovyo, na uso wa mama unabaki huru. Tena miongozo mingi ya nje inapopendekeza chakula cha kusaga inawalenga hasa hao wa mpira wa tumboni, huku kwetu tunawapa na wa puani kwa sababu ndo walio wengi, kwa hiyo wa puani umakini uwe mara mbili.

Sasa siri ya wepesi. Bibi zetu waliijua hii na wataalamu wa lishe hapa Tanzania waliipima vizuri miaka ya 80 kwa ajili ya uji wa watoto: kimea. Wanga ukipikwa unavimba na kushikana, ndo maana uji mzito na mtori vinakuwa kama gundi, na vikipoa ndo balaa zaidi. Punje ikichipua inatengeneza vimeng'enya vinavyoukatakata huo wanga, ukitia unga wa kimea kidogo tu kwenye uji mzito wa moto unauona unalegea mbele ya macho yako, dakika chache ulikuwa unasimamisha mwiko, sasa unamiminika, na chakula ni kilekile, hujaongeza hata tone la maji. Mara ya kwanza kuwaonyesha kina mama pale kliniki wanadhani nimefanya mazingaombwe. Tumia kimea cha ulezi, cha mtama nakikwepa kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, mpaka uyaondoe yote. Ulezi unauloweka usiku mzima, unaumwaga maji, unaufunika na kitambaa safi chenye unyevu siku mbili tatu mpaka utoe vimea, unauanika ukauke kabisa, unausaga. Ukiona ukungu au harufu ya uvundo tupa wote, usijionee huruma.

Nikupe chakula cha siku nzima cha mama, nimekihesabu kwa kilo zake. Ndizi mbichi zilizomenywa nusu kilo, nyama ya ng'ombe au kuku isiyo na mfupa gramu 150, karoti moja kubwa, mayai mawili ya kuchemsha, maziwa fresh nusu lita, mafuta ya kupikia vijiko viwili vya chakula, chumvi isizidi nusu kijiko cha chai kwa siku nzima. Hapo unapata kalori kama 1500 na protini gramu 65 hivi. Ni mtori tu huo dada, mtori uliokamilika. Chemsha nyama mpaka iwe laini ya kuachana yenyewe, tia ndizi na karoti viive kupita kiasi, mimina vyote kwenye blenda pamoja na mayai na supu yake kama vikombe viwili, saga dakika tatu nzima usiwe na haraka, blenda ikipata moto izime ipumzike alafu endelea. Rudisha sufuriani, acha upoe kidogo, moto ule ambao bado unaunguza ulimi lakini hauchemki, hapo ndo unatia unga wa kimea kijiko kimoja cha chakula, koroga, subiri dakika kumi. Usitie kikiwa kinachemka, utaua kimea na hakitafanya kazi. Ukishalegea tia maziwa na mafuta, rudisha jikoni uchemke tena vizuri huku unakoroga, hii ni muhimu kwa sababu kimea kimekuja na vijidudu vyake. Mwisho chuja kwa chujio la chai lenye matundu madogo, mara mbili, na kinachobaki juu usikisukume kwa kijiko kipite kwa nguvu, kirudishe kwenye blenda au kiache. Itatoka lita moja na nusu na zaidi, mpaka karibu lita 1.8.

Jaribu kwanza nje ya mgonjwa. Chukua sirinji kubwa ya mililita 50 au 60, toa pistoni, ishike juu ya bakuli umimine chakula. Kikishuka chenyewe mfululizo bila kukatikakatika, kiko sawa. Kikidondoka matone na kusimama, kimea hakijafanya kazi au hujachuja vizuri, rudia. Mimi huwa naacha kidogo kwenye kikombe nusu saa nione kinabadilikaje kikipoa, maana kitakachoziba mpira ni kile kinachoganda kikiwa njiani.

Kubadilisha vyakula unaweza, na ndo uzuri wenyewe wa chakula cha nyumbani. Siku nyingine viazi vitamu badala ya ndizi, au wali uliopikwa ukalainika, siku nyingine samaki aliyetolewa miiba yote, maharage yaliyoiva sana na kuchujwa maganda, parachichi bivu nusu linaongeza kalori 150 bila shida, siagi ya karanga ile laini isiyo na chengachenga kijiko kimoja ni kalori kama 95. Mchicha tumia majani tu, uchemshe usage, ila kama mama kapewa dawa ya kuyeyusha damu iitwayo warfarin muulize daktari kwanza, mboga za kijani zinaivuruga. Kwepa embe lenye nyuzi na mbegu za pasheni. Juisi ya chungwa au limao usiichanganye na maziwa, itakatika humohumo kwenye mpira, mpe peke yake katikati ya milo ikiwa imechujwa. Kama ana kisukari niambie, hesabu inabadilika, na kimea kinafanya wanga uingie haraka kwa hiyo sukari ipimwe. Figo hivyohivyo, usifuate vipimo vyangu bila daktari wake.

Na hapa nakuomba usiruke: usimpe yote hiyo kuanzia kesho. Mwili uliokaa wiki tatu na njaa ukipewa chakula kingi ghafla madini ya damu yanashuka vibaya na moyo unaweza kuyumba. Bora zaidi ufike naye kliniki wampime damu, hasa potasiamu na fosfeti, kabla au mwanzoni kabisa. Siku mbili za kwanza mpe nusu ya chakula hicho, changanya na uji mliozoea, uongeze kidogokidogo mpaka ufike chakula kamili baada ya wiki hivi. Ukiona miguu inavimba, moyo unakwenda mbio, anachanganyikiwa au anahema kwa shida, hospitali siku hiyohiyo.

Kumlisha kwenyewe ni hivi. Muinue kwanza, mgongo na kichwa, mito ikae vizuri, sio kichwa peke yake kimekunjwa shingoni, nyuzi 30 hadi 45, na akae hivyo mpaka saa nzima baada ya kula. Angalia alama ya mpira pale puani, namba iliyopo muiandike kwenye karatasi ukutani, ikisogea usimpe kitu. Mchungulie mdomoni mpira usiwe umejikunja. Vuta kidogo kwa sirinji uone maji ya tumbo, na kama mnapata vile vikaratasi vya kupima asidi, isome 5.5 au chini yake. Ule mtindo wa kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hautoshi, sauti inasikika hata mpira ukiwa kwenye pafu. Ukiwa na mashaka usilishe, mrudishe waangalie kwa eksirei. Na ukichomoka msiuchomeke wenyewe nyumbani.

Pitisha maji ya kunywa mililita 30, alafu chakula mililita 300 kwa dakika 20 hivi, kikiwa na joto la mwili, kishuke chenyewe au usukume pistoni taratibu sana, alafu maji mengine 30. Mara sita kwa siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kila baada ya saa tatu mpaka saa tatu usiku. Mwanzoni 150 zinatosha. Kwa joto la Tanga mpe na glasi ya maji katikati ya milo mara moja au mbili, ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai anataka zaidi, ila kama daktari alimpangia kiasi cha maji kwa sababu ya moyo au figo mfuate yeye. Akikohoa, akipaliwa, midomo ikibadilika rangi au kifua kikianza kukoroma, simamisha hapohapo.

Turudi kwa jirani yako nesi. Anaogopa vijidudu na yuko sahihi. Kuna utafiti ulichapishwa 2001 kutoka hospitali za Ufilipino, walipima vyakula vya kusaga vilivyotengenezwa hospitalini kwenyewe wakakuta bakteria wengi kupita kiasi, na 2004 wakachapisha kwamba hata virutubisho vilivyomo havikuwa vile vilivyokusudiwa. Kama jiko la hospitali linashindwa, la kwetu linataka adabu. Mikono kwa sabuni, blenda ifunguliwe mpaka kile kisu cha chini na ile raba yake, pale chini ya raba ndo mabaki yanaozea, ukifungua leo utaniambia. Osha na maji ya moto, kausha. Chakula kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kama mna friji, gawa mara sita kwenye vyombo vyenye vifuniko, tumia ndani ya saa 24, toa kimoja kimoja uchemshe upya kisha upooze. Kama hamna friji pika kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, na cha mlo unaofuata kitie kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa na maji yanayochemka, kikiwa cha kuchemka kabisa. Ukiifungua lazima kiwe bado kinaunguza, kikishakuwa vuguvugu mwaga. Najua kumwaga chakula kunauma lakini mgonjwa wa namna hii akiharisha siku mbili anapoteza kila mlichorudisha.

Kuhusu kuziba, nina wasiwasi kwamba mara zile mbili chanzo kilikuwa vidonge na sio uji. Vidonge visagwe viwe vumbi kabisa, kila dawa peke yake na maji yake, isichanganywe na chakula, na maji mililita 15 hadi 30 katikati ya dawa na dawa. Zile za kutoa dawa polepole siku nzima hazisagwi kabisa, muulize mfamasia kama kuna ya maji. Kama anatumia fenitoini ya degedege uliza namna ya kuitenganisha na chakula, vikikutana dawa haifanyi kazi inavyotakiwa. Mpira ukiziba tumia maji ya uvuguvugu na sirinji ileile kubwa, vuta sukuma polepole, acha maji yakae dakika kumi urudie. Sirinji ndogo usiitumie, ina presha kubwa itapasua mpira, waya usiingize hata siku moja, na soda ile wanayosema inazibua inaweza kugandisha maziwa humo ndani ikawa mbaya zaidi.

Mswaki usisahaulike, asubuhi na jioni, hata kama hapiti kitu mdomoni. Mate machafu yakishuka kwenye pafu ndo yanaleta nimonia. Na kila wiki mpimeni, kama kumbeba kumekuwa kazi chukua futi ya fundi cherehani, pima unene wa mkono wa juu katikati, mkono uleule ambao haukupooza, andika.

Uwezo wa kumeza unarudi kwa wengi baada ya kiharusi, kwa hiyo usikubali mpira uwe ndo habari imeisha. Omba apimwe tena kumeza, kwa mtaalamu wa kumeza au kwa mfiziotherapia na daktari wake, na mpaka apimwe msimlambishe kitu kwa huruma, kijiko kimoja cha maji kinatosha kumpalia.

Na pilau, dada, hilo sio swali la kijinga. Mpe. Siku ya Eid mpikie na ninyi wote, ila chake uchote kabla ya viungo vizima kuchambuka, mdalasini, karafuu na iliki ya ganda utoe zote, binzari nyembamba tumia ya unga, pilipili manga iwe kidogo. Wali na nyama viive zaidi ya vyenu, saga na supu ya nyama yenyewe, tia kimea, chemsha, chuja mara mbili. Alafu kabla hujaanza kumlisha msogezee sahani yenu karibu, mfunulie sufuria pale pale kitandani, anuse, mwambie mama leo ni pilau. Pua yake inafanya kazi.